Kuzifanya Alama Zilizochimbwa kwenye Vifaa vya Umeme Zisomeke kwa Rangi Nyeupe

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mzee mmoja wa Mikindani kufunga upya mfumo wake wa sola. Chaji kontrola, kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri, ilikuwa ya plastiki nyeusi, na alama za chanya na hasi zilikuwa zimechimbwa katika weusi huohuo. Ina skrubu sita, mbili za paneli, mbili za betri na mbili za taa, na kugeuza nyaya za betri peke yake kunaweza kuiunguza.

Hatua ya kwanza ni kuondoa nyaya, za paneli kwanza kisha za betri. Pitisha ukucha juu ya alama: ikiwa huhisi shimo wala mwinuko, alama hiyo imechapwa tu, na njia hii haifai.

Hatua ya pili ni kusafisha kwa mswaki mkavu, halafu kwa pamba yenye spiriti kidogo, kwa kuwa huku pwani vumbi hushikamana na chumvi na rangi haikamati juu yake.

Hatua ya tatu ni kujaza rangi kwa kijiti cha meno. Tumia rangi ya akriliki ya kuchanganya na maji. Rangi ya kucha siikubali hata kidogo, kwa sababu vimiminika vyake hulainisha plastiki za aina nyingi, na tina huziharibu vibaya zaidi.

Hatua ya nne, kufuta rangi iliyozidi, ndiyo inayoamua kazi yote. Ukifuta mapema, rangi yote hutoka shimoni. Ukichelewa, hubaki doa kuzunguka alama. Subiri mpaka rangi ipoteze mng'ao wa majimaji, na ujue kwamba juani au chini ya feni muda huo ni mfupi mno, kwa hiyo jaza alama mbili au tatu tu kwa mara moja. Usifute kwa pamba wala karatasi laini, kwani huzama shimoni na kunyonya rangi. Chukua kipande cha khanga kuukuu, kilowanishe na kukikamua sana, kisha kivute kikaze juu ya kadi ngumu ili kipite juu ya shimo bila kuingia ndani. Futa kwa kukatisha mchoro badala ya kuufuata, mara moja tu, kisha geuza upande safi kabla ya kurudia. Ukungu mweupe ukibaki, usiukwangue kwa wembe. Acha rangi ikauke kabisa, halafu pitisha khanga ileile juu ya kadi ikiwa na spiriti kidogo sana, baada ya kuijaribu spiriti hiyo upande wa nyuma wa kifaa. Shimo lisilo na kina huhitaji kujazwa mara ya pili.

Kwa herufi zilizoinuka, kama zile za nyuma ya baadhi ya ving'amuzi, pakaza rangi nyembamba kwenye kifutio cha penseli kilicho bapa na uguse vichwa vya herufi tu.

Usirudishe nyaya siku hiyohiyo, hasa wakati wa masika ambapo unyevu huchelewesha rangi kukauka. Zikirudishwa, betri itangulie, paneli ifuate.