Namna ya kukokotoa uwezekano wa tukio hili au lile kutokea

Swali la uwezekano likiwa na neno "au", wengi wetu hukimbilia kujumlisha, na wakati mwingine jibu huwa sahihi. Ukirusha dadu moja, uwezekano wa kupata mbili au tano ni 1/6 + 1/6, yaani 1/3, kwa sababu dadu haiwezi kuonyesha nambari zote mbili kwa mrusho mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kujumlisha chochote, jiulize kama matukio hayo yanaweza kutokea pamoja. Ukiulizwa "chai au kahawa?" unatakiwa kuchagua kimoja, lakini katika hesabu, "au" inakubali hata vyote viwili.

Chukua karata 52 zilizochanganywa vizuri, uchomoe moja. Kopa ni 13 na ree ni 4, lakini ukijumlisha ukapata 17 utakuwa umeihesabu ree ya kopa mara mbili, kwanza miongoni mwa kopa, kisha miongoni mwa ree. Iondoe mara moja, zibaki 16, na uwezekano wa kupata kopa au ree utakuwa 16/52, sawa na 4/13. Kanuni ndiyo hiyo: jumlisha uwezekano wa matukio yote mawili, kisha toa uwezekano wa yote kutokea kwa pamoja.

Mfano ninaoujali zaidi ni wa selimundu, kwa kuwa hapo hesabu isiyo sahihi huwaumiza watu. Baba na mama ambao kila mmoja amebeba jeni moja ya ugonjwa huo, yaani wenye AS, wana uwezekano wa 1/4 katika kila mimba wa kupata mtoto mgonjwa. Wakizaa wawili, uwezekano kwamba wa kwanza au wa pili atakuwa mgonjwa si 1/2. Matokeo ya mimba moja hayabadilishi ya nyingine (pacha wa kufanana ni suala jingine), hivyo uwezekano wa wote wawili kuugua hupatikana kwa kuzidisha: 1/4 × 1/4 = 1/16. Jibu ni 4/16 + 4/16 − 1/16, yaani 7/16.

Anayejumlisha tu hadi mtoto wa nne hufikia 4/4, akaamini kwamba mmoja kati ya wanne lazima augue, na kwamba akishazaliwa huyo, watatu watakaofuata wako salama. Hakuna ukweli katika imani hizo. Watoto wakiwa wengi, ni rahisi kuanzia upande wa pili: tafuta uwezekano wa wote wanne kutougua, ambao ni 3/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4 = 81/256, kisha uutoe katika 1. Unabaki na 175/256, takribani asilimia 68. Na kwa wazazi ambao tayari wana mtoto mgonjwa, mimba inayofuata ina uwezekano uleule wa 1/4.