Somo: Jinsi ya kujua miale ya gama inatoka sehemu gani ya mkondo wa shimo jeusi

Wakuu, tunakwenda galaksi ya M87, miaka ya nuru kama milioni 55 kutoka hapa. Shimo jeusi lake lina uzito wa majua bilioni 6.5 na linarusha mkondo wa chembe ziendazo kasi karibu na ya nuru, ambao mwanaastronomia Heber Curtis aliuona tangu 1918. Washukiwa wa kutoa gama (nuru yenye nishati kubwa kuliko zote) ni wawili: kiini, jirani kabisa na shimo, na HST-1, fundo linalong'aa zaidi ya miaka ya nuru 200 mbele kwenye mkondo.

Hatua ya 1: Achana na picha. Darubini za gama kama H.E.S.S. ya Namibia hutenganisha vitu vilivyoachana kama sehemu ya kumi ya digrii. Hawa wawili wameachana chini ya 1/3600 ya digrii. Utaona doa moja tu.

Hatua ya 2: Shika saa. Mwaka 2005 gama ilipanda na kushuka ndani ya siku mbili hivi. Chanzo hakiwezi kubadilika chote haraka kuliko nuru inavyokikatiza. Piga hesabu: sekunde 172,800 × kilomita 300,000 = takriban kilomita bilioni 52. Kipenyo cha shimo lenyewe ni kama bilioni 38! Athari ya Dopla (mkondo unatujia kasi, hivyo mabadiliko yake huonekana ya haraka kuliko yalivyo) huongeza namba hiyo mara kadhaa, lakini chanzo kinabaki kidogo mno.

Usikimbilie hukumu, kidogo si lazima kiwe karibu. Mwaka huohuo HST-1 nayo iling'aa vibaya sana kwa eksirei.

Hatua ya 3: Uliza nani mwingine aliwaka siku zilezile. Februari 2008 gama ililipuka tena. Setilaiti ya Chandra, inayopima eksirei, ikakuta kiini kimepanda, HST-1 imetulia. Antena za redio za VLBA nazo zikaona kiini kinaongezeka. Kwa mweko ule, mimi nakamata kiini.

MASWALI

Mdau: Mkuu, si shimo jeusi linameza hata nuru?
Jibu: Ikishavuka mpaka, ndiyo. Hii inatoka kwa chembe zilizo nje ya mpaka.

Mdau: Hewa yetu si inazuia gama? Namibia wanaionaje?
Jibu: Ikigonga hewa huzaa manyunyu ya chembe, nayo hutoa mweko wa buluu wa nanosekunde chache. Ndio unaopigwa picha.

Mdau: Kwa hiyo kesi imefungwa?
Jibu: Bado, ndugu. Mwaka 2010 gama ilipanda, eksirei ya kiini ikapanda, lakini redio ya kiini haikupanda kama 2008.