Kupima ugumu wa ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) mtu akikanyaga baiskeli

Mimi humweka mtu kwenye baiskeli ya kuegemea. Kwenye mashine ya kukimbilia shingo hutikisika, kipimo kikaharibika. Mpime kwanza akiwa ametulia dakika 10. Tafuta mpigo shingoni na kwenye kinena, pima umbali ulionyooka kati yake (futi ya fundi cherehani yatosha), zidisha kwa 0.8: sentimita 60 zinakuwa 48. Wimbi la mpigo likifika kwenye kinena sekunde 0.06 baada ya kufika shingoni, kasi yake ni mita 8 kwa sekunde. Ikizidi 10 kabla ya mazoezi, ateri zimekakamaa.

Akikanyaga, kinena ndicho kisumbufu. Mwambie atulize miguu kidogo, unase mapigo kumi safi. Papo hapo pima presha. Ikipanda, kasi hupanda hata kama ateri ni ileile.