VM imegoma kuwaka? Usiifute kwanza, soma hapa

Wakuu, wiki hii nimeletewa laptopu tatu na shida ni ile ile, mashine pepe (VM, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) ya VirtualBox haiwaki, na wawili walikuwa wameshaifuta wakaanza upya, yaani wamedanlodi Ubuntu nzima tena kwa bando la kununua. Jamani! Kazi yako imekaa kwenye faili kubwa lenye mwisho wa .vdi, hilo likiwa zima mengine yanarekebishika.

Hatua 1: Kopi folda nzima ya hiyo VM (iko ndani ya "VirtualBox VMs") uiweke nje. Nzima kabisa, maana kama una snapshoti (hali ya VM uliyoitunza ili uweze kuirudia) basi kazi yako ya karibuni iko huko na sio kwenye .vdi peke yake. Flashi ya FAT32 itakataa faili linalozidi 4GB, ifomati exFAT kwanza.

Hatua 2: Soma kosa, usibofye tu OK. Ikiandika VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED, au VERR_SVM_DISABLED kwa wenye AMD, ujue uwezo wa prosesa kuendesha VM (VT-x kwa Intel, SVM kwa AMD) umezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya laptopu kabla Windows haijawaka. Laptopu za mtumba tunazonunua hapa Kampala mara nyingi zinakuja hivyo. Ingia BIOS (HP nyingi ni F10, Dell F2), washa VT-x au SVM, sevu, alafu zima mashine kabisa ndio uiwashe.

Hatua 3: BIOS iko sawa ila bado, au VM inawaka lakini inatambaa na chini kulia unaona kikobe cha kijani? Hapo Hyper-V, mfumo wa Windows wenyewe wa kuendesha VM, imekalia kiti. Fungua CMD kama admin uandike:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Washa upya. Ukiona kobe bado yupo, nenda kwenye Windows Security uzime "Memory integrity".

Hatua 4, na hii ndio yetu sisi wa umeme wa kukatika. Mwezi jana niko Ntinda usiku, betri ya laptopu ilishakufa zamani natumia waya tu, VM inajisevu, paap, giza. Asubuhi naikuta imeandikwa "Inaccessible". Kucheki faili la .vbox (ndilo lenye mipangilio ya VM), ukubwa wake sifuri. Moyo ulinidunda. Ila pembeni yake kulikuwa na jingine linaitwa .vbox-prev, hiyo ni kopi ya nyuma ambayo VirtualBox inajitunzia yenyewe. Nikalitoa lile bovu, nikalibadili jina hili liwe .vbox, na VM ikarudi kwenye orodha. Bado ikagoma kuwaka kwa sababu ile hali iliyosevu ilikuwa imeharibika, nikabofya kulia nikachagua "Discard" ikawaka. Discard haifuti diski, ni kama umechomoa waya wa kompyuta, unapoteza tu ulichokuwa hujasevu.

Vyote vikishindikana fungua VBox.log kwenye folda ya Logs, tafuta neno VERR_, uniwekee hapa mistari michache ya juu na chini yake. Picha ya skrini yenye giza hainisaidii.

MASWALI

Mdau wa Jinja: Kaka nimefanya hatua ya 3 VM imewaka vizuri ila sasa Docker imekufa, nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu ndugu yangu. Docker kwenye Windows inapitia WSL2 (Linux ya ndani ya Windows) na hiyo inaitaka Hyper-V. Rudia amri ile ile, badala ya off weka auto, washa upya. Itabidi uchague unatumia ipi siku hiyo, au uvumilie kobe.

Mdau wa Arua: Yangu inawaka dakika mbili inasimama yenyewe, RAM ni 4GB.

Dada cheki kwanza diski C imebaki ngapi. Ile .vdi inakua kadri unavyojaza vitu, nafasi ikiisha VirtualBox inaisimamisha VM hapo hapo. Kwa RAM usiipe zaidi ya 2GB, na weka Ubuntu ya seva isiyo na madirisha.

Mdau wa Arua: Imebaki 300MB 😂

Haya basi, hamisha muvi hizo.

Mdau wa Mbale: Mimi niko Ubuntu, jana nimeapdeti, leo inasema "Kernel driver not installed".

Kerneli mpya (kiini cha Linux) haina moduli ya VirtualBox. Andika sudo apt install linux-headers-$(uname -r), alafu sudo /sbin/vboxconfig kama VirtualBox uliitoa kwenye tovuti ya Oracle. Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizosainiwa wakati wa kuwaka) ikiwa imewashwa itakataa mpaka moduli isainiwe, mimi kwenye mashine ya kujifunzia naizimaga tu.