Mizani Ikigoma na Homoni Hazijatulia: Usianze na Sahani

Kilo 83.4. Namba hiyo nimeiandika kwenye daftari langu wiki 11, ikipanda nusu kilo, ikishuka, ikirudi palepale. Nina mawili mwilini: tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, iliyolegea hata haitoi homoni ya kutosha, na PCOS, ule ugonjwa wa ovari unaovuruga hedhi na mara nyingi kuufanya mwili usiitikie insulini vizuri. Nilikuwa nimeshapunguza kilo 9, ghafla mizani ikagoma.

Nikafanya wanachofanya wengi: nikapunguza chakula tena. Nikawa napata kizunguzungu nikipanda ngazi, nywele zinabaki kwenye kitana, na mizani wala haina habari. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, sahani iache kwanza. Chukua daftari.

Hakikisha kama kweli umekwama. Siku chache kabla ya hedhi miili ya wengi wetu hushika maji. Wangu huongezeka kilo 1 na nusu hivi. Ukichukua uzito wa siku hizo ukaulinganisha na wa wiki iliyofuata hedhi, utalia bure au utafurahi bure. Mimi hupima kila asubuhi nikitoka msalani, kabla sijatia kitu mdomoni, halafu Jumapili natafuta wastani wa siku 7. Wastani huo naulinganisha na wa wiki kama hiyohiyo katika mzunguko uliopita. Kama hedhi yako haina ratiba (yangu iliwahi kukaa siku 52), tazama wiki 6 hadi 8 kwa pamoja ndipo useme neno. Na kama kupanda mizani kila siku kunakuharibia siku, au umewahi kuwa na ugomvi mkubwa na chakula, achana nayo kabisa utumie tepu ya fundi cherehani: katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kawaida, bila kuvuta tumbo. Najua utalivuta. Usilivute.

Tepu ndiyo iliyoniumbua. Katika zile wiki 11, kiuno kilikuwa kimepungua sentimita 3 ndani ya wiki 5 za mwanzo. Nilikuwa nimeanza kunyanyua vyuma, na misuli iliyochokozwa hushika maji. Kumbe kukwama kwenyewe kulikuwa kwa wiki 6 tu.

Sasa dawa. Hapa nilijikamata mwenyewe. Saa 12 asubuhi, nimesimama jikoni, kiganjani nina levothairoksini, dawa yangu ya tezi, na kidonge cha madini ya chuma nilichopewa kwa upungufu wa damu, mkono wa pili una kikombe cha kahawa. Vyote kwa mkupuo mmoja, najiona hodari wa kutunza ratiba. Chuma na kalsiamu hushikana na levothairoksini tumboni, na kahawa nayo hupunguza kinachofyonzwa. Miezi mizima nilikuwa nameza dawa ambayo sehemu yake ilipita tu.

Siku hizi kidonge cha tezi kinalala kando ya kitanda na glasi ya maji. Nakimeza kwa maji matupu, nasubiri dakika 60 (wengine huambiwa 30 zinatosha), ndipo nakula. Chuma kimehamia jioni, kwa sababu kinatakiwa kiachane na dawa ya tezi kwa saa 4 hivi. Kipimo changu cha TSH, homoni ya kuiamsha tezi ambayo hupanda tezi ikilegea, kilikuwa juu, lakini daktari hakuniongezea dozi. Alinirekebishia saa na kunirudisha maabara baada ya wiki 6, maana TSH huchukua muda kutulia. Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, mwambie anayekupima: biotini inaweza kupotosha majibu, na kwa kawaida huachwa angalau siku 2 kabla.

Kujiongezea dozi ili upungue, hapana. Utaishia na moyo unaodunda hovyo, na mifupa italipa baadaye. Halafu tuambiane ukweli: tezi iliyolegea peke yake kwa kawaida huleta kilo chache tu, nyingi zikiwa maji na chumvi. Yangu ilipotulia zilishuka 2. Nyingine ilibidi nizitafute kwingine.

Dawa nyingine nazo zipitie na daktari wako: vidonge vya steroidi, sindano ya uzazi wa mpango, baadhi ya dawa za sonona na za kisukari huweza kuongeza uzito. Usiache yoyote kimyakimya. Na kama uko kwenye metformini (dawa ya kisukari ambayo wenye PCOS pia hupewa) kwa miaka, uliza kuhusu kupima vitamini B12.

Ndipo tuje kwenye sahani. Mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko ule wa mwanzo, na ukila kidogo unajikuta unakaa zaidi bila kujua. Nilipima kila kitu kwa siku 10. Mwizi alikuwa mafuta ya kupikia: kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120 hivi, na mimi nilikuwa namimina kwa macho. Nikapima kijiko, nikaongeza protini ifike gramu 25 au 30 kila mlo, basi. Baada ya kula natembea dakika 15, misuli ichukue sukari kutoka kwenye damu. Vyuma mara 2 kwa wiki.

Usingizi niliudharau mpaka dada yangu, aliyelala chumba kimoja nami, aliponirekodi nikikoroma, nikikata pumzi, kisha nikishtuka kama nimekabwa. Wenye PCOS hupatwa na tatizo hilo zaidi ya wengine. Uliza aliye karibu nawe, kisha peleka jibu hospitali.

Mambo mengine usiyasubirishe kwa daftari. Uzito unaopanda kwa kasi pamoja na michirizi mipana ya zambarau tumboni, kuvilia damu kirahisi na mapaja kukosa nguvu ya kuinuka kwenye kiti: nenda ukaonwe. Hedhi ikikosekana zaidi ya siku 90, nenda pia, ila pima ujauzito kwanza. Rafiki yangu alilaumu homoni miezi 4. Mtoto sasa anatambaa.

Juzi mizani ilisoma 79.8. Leo asubuhi inasoma 80.9, na hedhi iko njiani. Nimeandika, nimefunga daftari, nasubiri dakika 60 zangu ziishe nile.