Namna ya Kujifunza Kulenga Shabaha kwa Wazee na Mabingwa

Anayetaka kujifunza mchezo wa kulenga shabaha hapa Pemba aanze kwa kumtafuta mwalimu kabla ya kuitafuta bunduki. Wazee waliostaafu katika vikosi hawakosekani Wete, Chake Chake wala Mkoani, na baadhi yao hukaa barazani baada ya alasiri wakiwa na ujuzi ambao hakuna anayewauliza.

Usimwendee mzee na haja yako siku ya kwanza. Mwamkie, kaa, sikiliza mazungumzo uliyoyakuta, kisha urudi siku ya pili na ya tatu, kwani mwalimu wa namna hii huupima utulivu wa kijana kabla ya kumpa neno. Ukifika wakati wa kusema, mweleze wazi kwamba unachotaka ni mchezo, na umwombe akufundishe kwanza kusimama na kupumua. Silaha yenyewe, hata ile ya upepo, isiguswe mpaka Polisi wameulizwa kuhusu kibali na mahali panaporuhusiwa. Mzee anayekwambia vyenginevyo si wa kufuatwa.

Jirani yetu mmoja, ambaye mimi humwita Ami ingawa hatuna udugu wa damu, alinifundisha miezi miwili bila ya risasi hata moja. Alikuwa na bunduki aliyoichonga kwa ubao, na kifyatulio chake kilikuwa kipande cha bati kilichoshikizwa kwa msumari. Aliweka sarafu ya shilingi 200 karibu na mdomo wa mtutu, akaniamuru nikibane kifyatulio bila ya sarafu kuanguka. Ilianguka. Aliiokota, akaipangusa kwa ncha ya kikoi chake, akairejesha pale pale kimya, na jioni ile akafanya hivyo mara nyingi mno kuhesabika. Nilipomuuliza nakosea wapi, alinijibu: “Mwanangu, kidole chako kinashituka kwa sababu jicho lako limeshakwenda kuitazama sarafu.”

Tangu hapo nikafahamu swali la kumuuliza mlengaji hodari. Ukimuuliza anapataje katikati, atakwambia ni mazoezi, na jibu hilo ni la kweli lakini halikufikishi popote. Muulize jicho lake linatazama nini kidole kinapoanza kubana. Atakueleza kwamba jicho haliwezi kuona kwa uwazi kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele na shabaha kwa wakati mmoja, kwa hiyo hulikaza kwenye kilengeo cha mbele na kuiacha shabaha iwe na ukungu kidogo. Muulize pumzi anaizuia lini; wengi huitoa kwa kawaida, wakafyatua katika ule utulivu mfupi unaofuata, na zikipita kiasi cha sekunde nane huishusha silaha na kuanza upya. Muulize pia anafanya nini risasi ikishatoka, maana hapo ndipo wanafunzi wengi huharibu: mlengaji mzuri hubaki vile vile alivyo, jicho na kidole mahali pake, kana kwamba risasi bado imo ndani. Katika bunduki ya upepo ya mita 10, alama ya 10 ni nukta yenye upana wa nusu milimita tu, na mshituko mdogo unatosha kuikosa.

Mabingwa wa mbali nao ni walimu, iwapo utawatazama kwa utaratibu. Yusuf Dikeç wa Uturuki alipopata medali ya fedha ya timu mchanganyiko mjini Paris mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 51, vijana wengi waliiga mkono wake ulio mfukoni, ilhali mkono ule hukaa pale ili mwili usiyumbe, na ile ilikuwa Olimpiki yake ya tano. Nino Salukvadze wa Georgia, aliyepata dhahabu mwaka 1988 na kushiriki Olimpiki kumi, alifundishwa na baba yake, na mwaka 2016 alishindana pamoja na mwanawe. Unapotazama video zao, zima sauti, chagua kiungo kimoja, bega au kidole, na ukifuate kwa mizunguko kumi kabla ya kuhamia kingine.

Shabaha yako iwe karatasi. Popo wa Pemba, wanaoonekana Kidike, hawapatikani popote pengine duniani, na hakuna mazoezi yanayohalalisha kuwagusa. Ziba masikio, vaa miwani ya kinga, na unawe mikono kabla ya kula, kwa kuwa risasi huacha sumu vidoleni.

Karatasi ulizozipiga usizitupe. Ziandike tarehe na umpelekee mzee barazani, atazame matundu yamekusanyika wapi. Kwa anayetumia bastola kwa mkono wa kulia, matundu ya chini kushoto mara nyingi huonyesha kwamba kidole kimevuta kwa pupa. Mwache aseme mwenyewe, wala usimtangulie kwa udhuru wa jua au upepo.