Safari ya konseti nje ya nchi na mashabiki wenzako: tunavyopanga sisi, hatua kwa hatua

Nimeshasafiri nje mara nne kwa ajili ya konseti, zote kwa grupu, na mara zote mi ndo nilikuwa mhazini, kwahiyo haya nayajua kwa kuyafanya. Wengi wanaanza na tiketi. Wakishaipata wanaona safari imeiva, ndo sasa wanaanza kukimbizana na pasipoti, viza, ndege, na wiki ya mwisho inakuwa machozi matupu. Sisi tuna mpangilio wetu na kanuni yake ni moja: mpaka viza ya mtu wa mwisho itoke, hela yoyote inayotoka iwe inaweza kurudi, ukitoa tiketi ya konseti yenyewe na ada za viza ambazo hazina namna.

Hatua ya 1: watu

Wanne mpaka sita inatosha. Mkizidi hapo gawaneni vikundi viwili, kila kimoja na chumba chake na mhazini wake, mkutane uwanjani. Mnaweza kuwa mnapendana sana mtandaoni, mmekesha pamoja mkisubiri albamu itoke, lakini hamjawahi kulala chumba kimoja wala kudaiana hela, na hivyo ni vitu tofauti kabisa. Kabla ya chochote pigianeni simu ya video, siyo kuchati, mwonane nyuso, na kila mtu aseme wazi: ana kiasi gani mwisho wake, anataka kusimama mbele au kukaa kwenye siti, ana ugonjwa wowote ambao wenzake wanapaswa kuujua, na yuko tayari kuanza foleni alfajiri au la. Kwenye safari yetu ya pili mwenzetu mmoja alikuwa na goti bovu akaona aibu kusema, tukanunua eneo la kusimama wote, ilipofika wimbo wa tatu tukawa tunamtoa nje tumemshika kila upande, na aliusubiri usiku ule miaka mitano jamani.

Halafu kuna swali ambalo hakuna anayependa kuliuliza: mmoja wetu akinyimwa viza, inakuwaje? Sisi hatukuuliza. Wiki tatu kabla ya safari dada mmoja wa grupu letu akapata barua ya kukataliwa, tukabaki tunaangaliana. Hela yake ya chumba tumrudishie au ndo imeenda, tiketi yake auze yeye au tuuze sisi, na wale waliotoa pendekezo walionekana wabaya hata kama walichosema kilikuwa cha haki. Tulikuja kuyamaliza, ila urafiki uliyumba miezi kadhaa. Tangu hapo tunaandika kwenye grupu, kila mtu anajibu "nimekubali": anayekosa viza tiketi yake inauzwa kwanza kwa bei ileile kupitia njia rasmi, na gharama ya chumba isiyorudi tunaigawana wote, hata yeye. Ujumbe huo unapiniwa juu ya grupu mpaka mrudi.

Hatua ya 2: pasipoti, kabla hata ya kuangalia tarehe za shoo

Kila mtu apige picha ukurasa wenye jina na tarehe ya mwisho, amtumie mtu mmoja tu mnayemwamini, msizirushe grupuni. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na miezi 6 mbele. Nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja) zinataka iwe imebakiza angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka kwao, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu. Angalia na jina, herufi kwa herufi, kwasababu hilohilo ndo litakaloandikwa kwenye ndege na viza, na pengine kwenye tiketi ya konseti pia. Japani kwa mfano kuna shoo ambazo mlangoni wanalinganisha jina la tiketi na kitambulisho, na tangu Juni 2019 wana sheria inayokataza kuuza tena kwa ulanguzi tiketi za namna hiyo. Yaani ukinunulia tiketi jina lako la mtandaoni, umejifungia mlango mwenyewe.

Hatua ya 3: kununua tiketi

Hapa saa inaua watu wetu. Kwa Kiswahili saa 10:00 asubuhi ni saa nne, si ndiyo? Mwenzetu akaandika grupuni "mauzo yanaanza saa 4", nusu yetu wakaelewa asubuhi, wawili wakaelewa saa 16:00 kwasababu walikuwa wanasoma tangazo la Kiingereza sambamba, na juu yake saa yenyewe ilikuwa ya nchi ya shoo, siyo yetu. Hao wawili walipoingia hakukuwa na hata siti ya nyuma ya nguzo. Siku hizi tunaandika tarakimu nne tu, 10:00 au 16:00, na mbele yake "saa za huko" na "saa za kwetu". Hakuna kuandika saa nne, saa kumi, hakuna.

Kila mtu afungue akaunti yake wiki moja kabla, aweke kadi, aijaribu kwa manunuzi madogo, awapigie benki simu kuwaambia kuna malipo ya nje yanakuja, maana benki nyingi zinazuia malipo ya ghafla ya fedha za kigeni na ukiwa na dakika tano za kulipa hutakuwa na muda wa kubishana na mtu wa huduma kwa wateja. Someni kikomo, mara nyingi mtu mmoja anaruhusiwa tiketi chache tu. Mkubaliane nani ananunua za nani, na akishapata aandike "NIMEPATA" mara moja ili wengine waache.

Mkikosa, subirini mauzo rasmi ya marudio. Msikimbilie walanguzi wa mitandaoni. Anayekutumia skrinshoti ya tiketi anakuuzia picha, basi, kwasababu tiketi nyingi za simu msimbo wake unajibadilisha kila baada ya sekunde chache na ile skrinshoti haitafungua geti. Tiketi ihamishwe ndani ya apu kutoka akaunti yake kuja yako, uione kwako, ndo hela itoke.

Hatua ya 4: viza, na kulinda hela

Schengen wanapokea maombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, ila msiende na hizo 15 tafadhali. Uamuzi kwa kawaida unachukua siku 15 na unaweza kufika 45. Unaomba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama ndege yako inatua kwingine. Bima ya matibabu wanataka isiwe chini ya euro 30,000. Kwenye barua ya maelezo semeni ukweli: naenda konseti, tarehe hii, uwanja huu, tiketi hii hapa, nalala hapa, narudi siku hii, kazi yangu au masomo yangu yananisubiri. Kuna watu wanaona aibu kuandika konseti, wanaandika utalii, halafu wakiulizwa wataona nini huko wanababaika. Konseti ni sababu halali na ina ushahidi wa karatasi, itumieni. Na barua za grupu zifanane kwenye tarehe na malazi, ila kila mtu aandike ya kwake kwa maneno yake.

Mpaka viza za wote zitoke, chumba kiwe cha kufuta bure, na kwa ndege tafuteni nafasi ya kushikiliwa tu, msilipe nauli kamili isiyorudi.

Kwanini nakazania hivi? Agosti 2024 Taylor Swift alikuwa na usiku tatu Vienna, tarehe 8 mpaka 10, na tarehe 7 shoo zote tatu zikafutwa baada ya polisi kukamata watu kwa tuhuma za kupanga shambulio. Kulikuwa na mashabiki wameshafika kutoka kila kona ya dunia. Tiketi walirudishiwa hela, lakini mwandalizi anarudisha tiketi, nauli na hoteli hazimhusu. Kwahiyo kabla ya kulipia bima ya safari tafuta kipengele kinachosema shoo yenyewe ikifutwa inakuwaje, usome mpaka yale maandishi madogo, maana bima nyingi zinalipa ukiumwa wewe na haziguswi akiumwa msanii. Na nitasema hili pia, wale wa Vienna walijaa mtaa wa Corneliusgasse, wakaimba pamoja, wakabadilishana bangili na nyingine wakazitundika kwenye mti. Niliangalia zile video nikalia. Ndo maana mi sikubali kwenda peke yangu, shoo ikifutwa unataka uwe na mtu pembeni.

Hatua ya 5: kufika, kulala, kupaki

Fikeni siku moja nzima kabla. Ndege ikichelewa masaa nane bado mnayo siku. Kurudi, msikate ndege ya alfajiri baada ya shoo, mtajuta.

Malazi hayahitaji kuwa karibu na uwanja, bei hupanda vibaya siku hizo. Tafuteni karibu na njia ya treni inayokwenda uwanjani bila kubadilisha, kisha mwangalie treni ya mwisho inaondoka saa ngapi. Uwanja wa Wembley, London, pekee unabeba watu 90,000 wakikaa, sasa fikiria hao wote wanatoka pamoja kwenda stesheni moja. Sisi huwa tunakaa pembeni nusu saa tunapumua kwanza, au tunatembea kituo kimoja mbele.

Pawa benki ipande na wewe ndani ya ndege, haitakiwi kwenye begi la mzigo, na kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Kama yako imeandikwa mAh tu, zidisha mAh mara volti kisha gawa kwa 1,000: mAh 20,000 mara 3.7 ni Wh 74, uko salama. Taa ya shabiki, ile ya kushika mkononi kwenye shoo, toa betri wakati wa safari, isije ikawaka yenyewe ndani ya begi. Kama ni zile zinazounganishwa na namba ya siti ili ziwake kwa pamoja uwanja mzima, ziunganisheni hotelini mkiwa na intaneti nzuri, na betri mpya ziwe mfukoni.

Angalieni ukubwa wa begi kwenye tovuti ya uwanja. Viwanja vikubwa vingi Marekani wanataka begi la plastiki linaloonyesha ndani, takriban sentimita 30 kwa 30 kwa 15. Nimeona msichana mlangoni anaambiwa begi lake halipiti, akahamishia kila kitu mfukoni na begi lenyewe akaliacha kwenye ukuta.

Hatua ya 6: siku yenyewe

Kuleni kitu kizito kabla. Maji, maji, maji. Novemba 2023 Rio de Janeiro shabiki alifariki kwenye shoo wakati wa joto kali, na baada ya hapo serikali ya Brazil ikaagiza watu waruhusiwe kuingia na maji yao. Someni kanuni ya uwanja wenu, kama chupa haziruhusiwi mjue maji yanapatikana wapi ndani, na mkiwa kwenye foleni ndefu juani pangeni zamu, wawili wanakaa kivulini wengine wanashika nafasi.

Mtandao utakwama, chukulia hivyo. Kwahiyo mkifika tu chagueni sehemu ya kukutana, iwe kitu ambacho hakihami: geti lenye namba, sanamu, nguzo. "Pale kwenye gari la vinywaji" hapana, gari linaondoka. Na muda pia, mfano dakika 30 baada ya shoo kuisha na taa za uwanja kuwashwa. Kila mtu aandike anwani ya hoteli kwenye karatasi aiweke kwenye soli ya kiatu au nyuma ya kava la simu, simu huwa zinazima.

Kwa wanaosimama, hili naomba msome mara mbili. Houston, Marekani, Novemba 2021, kwenye tamasha la muziki la Astroworld watu 10 walifariki kwa msongamano. Ukianza kuhisi mwili unasukumwa bila wewe kuamua, usisubiri wimbo uishe. Weka mikono mbele ya kifua kama bondia ili mapafu yapate nafasi, miguu imara, wimbi la watu likitulia sogea kimshazari kuelekea pembeni, usishindane nalo. Simu ikidondoka iache. Iache kweli. Sisi tuna ishara, mmoja akimgonga mwenzake bega mara mbili wote tunatoka, hakuna kuuliza kwanini, na tumeshatoka hivyo mara moja katikati ya wimbo niupendao kuliko yote.

Vizibo vya masikio vaeni, muziki mtausikia vizuri tu. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2022 walipendekeza wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwenye kumbi, na ukiwa karibu na spika unaweza kuvuka hapo. Wekeni akiba jozi mbili tatu, kuna jirani atakuomba.

Pelekeni na bangili za kubadilishana. Mi nilipewa moja na mama wa makamo ambaye hatukuelewana hata neno, akanishika mkono, akaivalisha, akanionyesha herufi za jina la kundi moja moja kwa kidole mpaka nikazisoma zote kwa sauti.

Hatua ya 7: hesabu

Risiti zote zipigwe picha siku hiyohiyo. Mhazini afunge hesabu eapoti wakati mnasubiri ndege ya kurudi, wote mkiwa mmekaa pamoja, kila mtu aone alichotoa na anachodai, na wadaiwa walipe palepale kabla ya kupanda.